Zimwi Langu la Pakiti ya Unga

Kama ulikulia mlimani, na unaijua ile baridi ya Julai ya kuota moto kifuani huku mgongo umeganda, sogea karibu tuongee, maana haya siwezi kumwambia mtoto wa siku hizi akanielewa. Huyo ukimtajia ukungu anafikiri unazungumzia mapambo ya kuwekea picha kwenye simu. Sisi tuliujua ukungu wenyewe. Kwetu, katika milima ya Taita, ulishuka saa kumi alasiri, ukameza mgomba mmoja baada ya mwingine, ukafika hadi mlangoni, na mtu uliyemwacha hatua kumi nyuma akabaki kuwa sauti tu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua makavu yakichakarika shambani bila mtu ndani yake. Huo ndio ulikuwa msimu wetu wa mazimwi.

Hakuna mtu mzima aliyetufundisha kuyatengeneza. Tulirithishana wenyewe, wakubwa kwa wadogo, kama tulivyorithishana chawa. Kwanza uipate pakiti ya unga, ile ya karatasi ngumu ya kilo mbili. Unaipasua ubavuni, unaikunjua, unaipangusa vumbi la unga kwa kiganja na kukilamba kiganja. Unatoboa macho kwa wembe wa baba uliokwisha kazi. Nyusi ni za mkaa. Mashavu ni ya unga wa tofali uliotiwa mate. Meno ni punje za mahindi meupe, zimebandikwa kwa uji mzito uliolala. Kisha zinakuja ndevu, na hapo ndipo fundi alipojulikana: unakata jani la mkonge mpakani mwa shamba, unaliponda juu ya jiwe, unalikwangua hadi zibaki nyuzi nyeupe, unaziosha, unazianika, halafu unazishona kidevuni moja moja. Mikono iliwasha siku mbili. Ukivaa uso huo na kusimama kwenye ukungu, hata mbwa wa nyumbani alikubwekea.

Shida ilikuwa kuipata pakiti yenyewe. Sisi tulisaga mahindi yetu wenyewe, na unga wa dukani uliingia nyumbani baba aliposhuka kwenye basi kutoka Mombasa mwisho wa mwezi. Pakiti ikiisha, mama aliikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja na kuilaza chini ya godoro lake. Pakiti moja ilivisha madaftari mawili. Shule zikifunguliwa tulikwenda na vitabu vilivyovaa magunia ya karatasi, na maandishi ya unga yakionekana kwa nje, na tulijiona nadhifu. Leo mwanangu anataka daftari lenye farasi mwenye pembe, na farasi asipomeremeta anasema ni wa zamani.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kazi. Sikumbuki kumwona amekaa chini mchana, ila akichambua maharage, na hata hapo alikaa upande mmoja wa matako, tayari kuinuka. "Mikono ikikaa bure hujitafutia fimbo," alikuwa akituambia. Nasi tuliamini. Kama una mama wa aina hiyo, basi unanielewa nikisema kwamba utoto wangu wote sikuomba gauni wala viatu kama nilivyotamani jambo moja: mama akae chini karibu nami, aangalie ninachofanya, aseme tu, "Hebu nione." Sikuwahi kumwomba. Nani angemwomba mama kitu kama hicho?

Halafu kulikuwa na jambo la jina langu. Mimi ni binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la bibi yake, mama mzaa baba. Nikaitwa Mghoi. Sasa Mghoi huyo mwingine alikuwa mavyaa wa mama yangu, tukiishi naye boma moja, jiko lake likitazamana na letu, na wawili hao walipendana kama paka na panya. Mama hakuweza kumjibu mavyaa wake. Adabu haikuruhusu. Lakini adabu haikumkataza kumsema mtoto wake mwenyewe. Basi bibi akimuudhi, mama alisimama mlangoni akapaza sauti: "Mghoi! Kazi yako ni kula na kulala tu! Mghoi, mdomo wako utakuponza!" Mara nyingine mimi nilikuwa mtoni nachota maji. Nilirudi na ndoo kichwani nikakuta nimeshatukanwa. Bibi naye, kwa upande wake, alikuwa na jogoo mmoja aliyembebesha majibu yote: "Wewe jogoo, unawika kwa wenyewe, kwenu hawakukufunza?"

Watu wa rika langu mnacheka, najua. Hata mimi nacheka. Lakini mtoto wa miaka sita hajui kwamba jina lake linapita tu juu ya kichwa chake kwenda kwa mtu mwingine. Mimi niliamini kila neno.

Nilipokuwa na miaka tisa nilitengeneza zimwi langu kubwa. Niliiba pakiti chini ya godoro, nikajificha nyuma ya ghala siku tatu mfululizo. Wembe uliniteleza nikitoboa jicho la kushoto, jicho likawa kubwa mara mbili ya mwenzake, nami nikajikata kidole. Nilitaka kulia, kisha nikaliangalia lile zimwi nikaona limependeza zaidi. Lilikuwa likinitazama kama mtu anayejua siri yangu. Nilifunga kidole kwa kitambaa nikaendelea na ndevu. Sijawahi, tangu siku ile, kutengeneza kitu kizuri namna hiyo, na mimi ni mtu ninayeshona vidonda vya watu kwa kazi.

Jioni ya tatu ukungu ulikuwa mzito. Mama alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Nililivaa zimwi, nikasimama pembeni mwa ghala, nikageuza uso tu. Mama alipiga yowe. "Yesu wangu!" Ndoo ikaenda huku, maziwa yakaenda kule, na mama yangu, mwanamke asiyeogopa nyoka, akakimbia. Na katika ukungu ule hakukimbilia kwetu. Alikimbilia mlango uliokuwa karibu, akaingia jikoni kwa mavyaa wake na kumkumbatia.

Bibi alicheka hadi akakaa chini. Alicheka na kesho yake, akawahadithia majirani, akawahadithia watu wa kanisani. Mimi nilichapwa jioni ile ile kwa fimbo ya mfyulisi, na zimwi langu likaingia motoni mbele ya macho yangu. Ndevu zilishika kwanza. "Mghoi, wewe ni shetani!" mama alikuwa akisema huku akichapa, kwa sauti ya kufika jiko la pili, nami nikajua tunachapwa wawili kwa viboko vya mmoja. Jambo hilo halikutajwa tena nyumbani kwetu. Sikutengeneza zimwi jingine.

Haya. Sasa niwapeleke mbele hadi Doha, ghorofa ya nne, mtaa wa Al Mansoura, ambako ninaishi na mume wangu anayeendesha basi la wafanyakazi, pamoja na watoto wetu wawili. Mimi ni muuguzi. Mwanangu wa kwanza ni binti, Mkawasi, miaka minane. Wa pili ni Mwadime, miaka mitano. Utaratibu wa majina ungetaka Mkawasi apewe jina la mama wa mume wangu, lakini mkwe wangu mwenyewe alisema, "La, huyu mpe jina la mama yako, mimi nina wajukuu tele wenye jina langu." Nikashukuru. Nikampa mtoto jina la mama yangu nikidhani ninamtuliza mama. Laiti ningalijua ninajitafutia nini.

Mwaka huu mama alikuja kututembelea kwa mwezi mmoja. Hakuwahi kupanda ndege. Sanduku lake lilikuwa na nguo tatu na pakiti sita za unga wa mahindi, kwa sababu alikuwa ameambiwa na mtu kwamba Waarabu hawali ugali. Nilimwambia, mama, hapa kuna bakala chini ya nyumba inayouza unga wa kila taifa. Akasema, "Huo haujui kwetu." Aliingia nyumbani, akamwona Mkawasi, akafungua mikono akaita, "Wajina wangu!" Wajina. Mimi niliyepanda basi hadi uwanja wa ndege kumpokea nikiwa nimetoka zamu niliambiwa, "Umekonda."

Wiki ya pili barua ikaja kutoka shuleni kwa Mkawasi. Ilisema kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono za msimu wa majani kupukutika. Kila mtoto alete vitu alivyotengeneza vya kutisha kidogo, popo, buibui, vizuka, kwa vifaa vya nyumbani tu, na kila mtoto aje na kinyago chake. Mimi nilicheka peke yangu. Majani gani ya Doha yanayopukutika? Mtende hauangushi jani hadi mtu wa manispaa apande na panga. Oktoba hapa ndiyo kwanza joto linaachia koo la mtu, na tunaanza kufungua dirisha. Lakini kwa kuwa najua wazazi wenzangu, nilijua watakwenda madukani kununua vizuka vilivyokwisha tengenezwa na kuvikwaruza kidogo vionekane vya nyumbani. Nikapanga kufanya vivyo hivyo siku yangu ya mapumziko.

Mama akauliza, "Barua inasema nini?" Mkawasi akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mama akasimama, akaenda jikoni, akafungua kabati lililo chini ya sinki, akachutama mbele yake muda mrefu kama mtu aliyefunguliwa ghala la serikali. "Na hivi vyote mnatupa?" akauliza.

Nilirudi kutoka zamu siku iliyofuata saa tisa alasiri, miguu imevimba, nikasimama mlangoni na viatu mkononi. Mama yangu alikuwa amekaa sakafuni. Si upande mmoja. Amekaa chini kabisa, miguu ameinyosha mbele yake kwenye zulia, watoto wamemwegemea huku na huku. Amekata trei ya mayai, kila vikombe vitatu vimekuwa popo mmoja, vikombe vya pembeni vimekatwa nusu vikawa mbawa. Kizuka amekifinyanga kwa tishu: anaviringisha moja iwe kichwa, anaifunika kwa nyingine, anafunga uzi shingoni, macho mawili ya kalamu, basi, kimetimia. Walikuwa na vizuka kumi na vinane vikining'inia kwenye kamba ya nguo. Buibui alikuwa sifongo kuukuu ya vyombo yenye miguu minane ya waya wa mfuko wa mkate. Utando wake ni nyuzi za dekio, zimevutwa kutoka mguu wa kiti hadi mguu wa meza, na mama yangu mwenyewe anamwambia Mwadime, "Hebu nione."

Hebu nione!

Nasema ukweli, kwa kuwa sisi ni watu wazima: niliona wivu. Siyo ule wivu wa mzaha wa kusema "na mimi nakitamani hicho." Ulikuwa wivu wenyewe. Niliwaonea wivu watoto niliowazaa, ninaowalipia shule, ninaowafungia vifungo vya shati. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na sare yangu, nikamsikia mama akicheka sebuleni. Mlio ule wa kucheka sikuujua. Miaka arobaini na miwili niko duniani, sikuujua.

Ikawa kila siku. Kila nikirudi nakuta maajabu mapya na kila ajabu linanichoma. Walipaka uji wa unga badala ya gundi, mama akawaruhusu kulamba vidole. Walichora majani ya kahawia kwenye mifuko ya karatasi ya kubusi, ile mikate bapa ya huku, na kuyakata, wakayamwaga sakafuni ili nyumba iwe msitu, na mama, yule aliyetuamsha tufagie ua kabla jua halijatoka, akayaruka majani yale kwenda jikoni bila kuyagusa. Siku nyingine nilikuta Mwadime amevaa joho la zimwi, na joho lenyewe ni leso ya mama, ameikata katikati kwa mkasi. Leso! Ile ambayo sisi hatukuruhusiwa hata kuikanyaga ikiwa imeanguka. Nilisema, "Mama, umekata leso?" Akanijibu huku akimfunga mtoto shingoni, "Ni nguo tu, Mghoi." Nilitaka kumuuliza ni lini leso iligeuka kuwa nguo tu.

Mume wangu alifurahi. Alikuwa akirudi anauliza, "Leo mmetengeneza nini?" kabla hajaniamkia. Nikamwambia huko kwetu mama huyu alikuwa mtu mwingine. Akasema, "Uzee hulainisha." Sawa. Lakini kwa nini mimi nimepewa mfupa na wengine wapewe mchuzi?

Siku mbili kabla ya safari ya mama, Jumatano, nilirudi nikiwa nimechoka kupita kiasi. Tulikuwa tumempoteza mgonjwa asubuhi ile, na msimamizi alikuwa amenigombeza kwa jambo lisilonihusu. Nilifungua mlango nikakuta unga umemwagwa kwenye bakuli kubwa, na pakiti yake haipo. Nikainua macho. Mkawasi alikuwa amesimama katikati ya msitu wa karatasi, usoni amevaa zimwi.

Lilikuwa zimwi langu. Meno yalikuwa ya punje za bisi badala ya mahindi meupe, na ndevu zilikuwa nyuzi za dekio badala ya mkonge. Mashavu yalikuwa ya rangi ya mdomo niliyoinunua mimi. Lakini nyusi zile ni zangu, zinazopanda kwenda juu. Na jicho la kushoto lilikuwa kubwa mara mbili ya mwenzake.

Mama alikuwa amekaa chini na mkasi mkononi, akitabasamu, anamwambia Mkawasi asimame sawa aone kama kamba haimbani. Miaka thelathini na mitatu alikuwa nalo kichwani. Hakunirudishia hata kwa neno moja. Na sasa analitoa zima, na macho yake, na kumvisha mwingine, kama kwamba mwenyewe nilishakufa.

Nikapaza sauti. "Mkawasi! Huna akili? Nyumba ya watu umeigeuza jaa! Mkawasi, umekuja hapa kunichafulia tu! Kazi yako ni takataka, Mkawasi, mtu mzima ovyo!"

Mtoto wa miaka minane si mtu mzima. Neno hilo lilinitoka, na sote watatu tulilisikia lilikokwenda. Nililivua zimwi usoni mwa mwanangu, kamba ikamkwaruza sikio, nikatoka nalo hadi kwenye bomba la taka la ghorofa, lile lenye mlango wa chuma ukutani, nikalitumbukiza na kulisikia likigongagonga kuta hadi chini.

Niliporudi Mkawasi alikuwa analia bila sauti. Mama alikuwa amepiga magoti anaokota majani ya karatasi moja moja. Hakuniangalia. Alikuwa fundi wa mchezo ule kabla sijaota meno, na alijua sawasawa ni nani aliyekuwa akitukanwa. Mkuki kwa nguruwe. Akamaliza kuokota, akamshika mtoto mkono, "Twende wajina, tunawe," wakapita mbele yangu.

Alhamisi alipika kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja kama kwetu. Sijui mihogo aliipata wapi, nadhani alimtuma baba watoto. Aliniwekea sahani iliyojaa, akaifunika, akaiweka mahali pangu. Nyinyi wa rika langu mnaijua hiyo lugha. Wazee wetu hawakuomba mtoto msamaha. Wakikukosea, unakuta paja la kuku kwenye sahani yako, na hapo mambo yamekwisha. Ila safari hii aliyekosa ni mimi, na aliyepika ni yeye, kwa hiyo nilikula nikiwa na haya na sikuelewa tunazungumza nini.

Ijumaa mchana tulimpeleka uwanja wa ndege. Njia nzima nilikuwa nimeshika sentensi mdomoni. Nilitaka kusema, mama, nisamehe kwa juzi. Nilitaka pia kumuuliza kama anakumbuka kwamba zimwi lile ni langu, au ni kitu kilichomjia tu mikononi. Watoto walimng'ang'ania mapaja. Akamnong'oneza wajina wake kitu, mtoto akaitikia kwa kichwa. Zamu yangu ilipofika aliirekebisha kola yangu iliyokuwa haina kasoro. "Unafanya kazi sana, Mghoi. Lala," akasema. Kisha akaenda, amebeba mfuko wa vizuka vya tishu vya kuwaonyesha watu kanisani.

Jumamosi asubuhi Mkawasi alikuja akasimama mlangoni pa jikoni kama mgeni. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba maonyesho ni kesho, Jumapili, ambayo huku ni siku ya shule, popo na vizuka vipo, lakini kinyago hana. Hakusema kimekwenda wapi.

"Leta mkasi," nikasema. "Nitakutengenezea."

Nilitoa pakiti ya mwisho ya unga wa mama, nikamimina unga kwenye kopo, nikakaa sakafuni. Magoti yalilia. Nikaipasua pakiti ubavuni, na harufu ya unga mkavu na karatasi ilinipanda puani nikahisi macho yanawasha. Nikampa Mwadime uji wa gundi akoroge. Nilianza na macho. Nilichora mawili yaliyo sawa kabisa, kwa kuwa sasa mimi ni mtu mzima na mkono wangu hautelezi, nikashika mkasi.

"Mama, si hivyo," Mkawasi akasema. "Moja inakuwa kubwa."

"Kwa nini?"

"Nyanya alisema iko hivyo. Kulikuwa na mtoto huko kwao, yeye ndiye alitengeneza ya kwanza. Wembe ikateleza. Akajikata kidole na hakuambia mama yake."

Mkasi ulisimama. Kidole kile sikumwonyesha mtu yeyote. "Sasa nyanya alijuaje?"

"Aliona kitambaa. Alisema mtoto alikuwa anaficha mkono akikula." Alikuwa anazichambua punje za bisi, anatenga kubwa na ndogo. "Mama yake alimchapa. Akachoma hiyo mask kwa moto. Nyanya alisema ilikuwa mzuri kushinda yetu. Mzuri sana, mpaka mtu mkubwa akakimbia. Na watu wakamcheka huyo mtu mkubwa, ndio maana alikasirika, na hiyo si makosa ya mtoto."

"Alisema hivyo?"

"Mm. Akasema pole."

"Alimwambia nani pole?"

Mkawasi akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Sisi. Mimi na Mwadime. Alikuwa analia kidogo. Tukamwambia, sawa, nyanya."

Nililipanua jicho la kushoto, nikalikata. Mwadime alikuwa akikoroga. Nikasema, "Mkawasi, ile Jumatano nilikupigia kelele. Halikuwa kosa lako hata kidogo. Nisamehe, mama."

"Sawa," akasema, papo hapo, bila hata kuinua kichwa. "Shika hapa, nibandike meno."

Ni rahisi kwao namna hiyo. Enzi zetu mtoto alikosewa, akafunga kidole kwa kitambaa, akaficha mkono, akakua, akasomea kazi, akavuka bahari, na mzee wake akazeeka akiwa na neno moja kinywani lisilopata pa kutokea. Watoto wa siku hizi huombwa msamaha wakiwa bado wana kamasi, na husema sawa, wakaendelea kucheza. Nawaonea wivu, sifichi. Miaka thelathini na mitatu niliingoja pole ile. Walipewa wao. Na walioijibu, wakasamehe kwa niaba yangu bila kuniuliza, ni wao pia, huku wakilamba gundi vidoleni.